Siku sita za Muleba: matope, senene na kaunta buku

Nimechelewa kuandika. Safari ilikuwa Novemba 2024, na tangu nirudi Morogoro daftari limelala ndani ya mkoba uleule, kurasa zimegandana kwa mvua ya Kagera. Wiki iliyopita nilizipanga picha za simu kwa tarehe (theluthi nzima ni picha za matope, sijui nilikuwa nawaza nini), nikazibandua kurasa moja moja, na haya ndiyo yaliyosomeka.

Aliyenialika ni shoga yangu wa tangu sekondari. Siku hizi ni msaidizi wa kisheria kwenye kituo kimoja cha elimu ya haki za binadamu wilayani Muleba. Jina la kituo siliandiki, wala la mtu yeyote niliyemkuta huko; ndivyo walivyoniomba, maana mashauri mengine bado ni ya moto. Kila nilipompigia simu alikuwa kwenye mpaka wa shamba la mtu. Nikamtania: hiyo elimu ya haki mnaifundisha migomba? Akasema, "Njoo uone. Nikikueleza kwa simu, bando litakata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe."

Jumapili, 10 Novemba: Mwanza

Morogoro hadi Dodoma kwa SGR, Dodoma hadi Mwanza kwa basi la usiku. Hakuna la kusimulia ila miguu iliyovimba kama maandazi.

Meli ilikuwa ya usiku, kwa hiyo nilikuwa na mchana mzima. Nikala sato wa kukaanga na ugali kwa mama lishe mmoja karibu na ziwa, 7,000 pamoja na soda, kisha nikaenda kulitazama jengo la Mahakama Kuu kwa nje. Najua si kivutio cha watalii, lakini shauri lililonifanya nikubali safari hii liliamuliwa Mwanza.

Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, kutaka mauzo yafutwe, kwa sababu mila za Kihaya, kama zilivyoandikwa kwenye Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote ila asiliuze. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ikamgeuzia kibao. Shauri likapanda hadi Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo haiwezi kukaa meza moja na haki zilizokwisha kuingizwa kwenye Katiba. Kwa uamuzi wake, mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza shamba la ukoo.

Mimi ni Mluguru. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na bibi yangu alilima shamba lake Mgeta bila kumwomba mwanamume ruhusa, au ndivyo nilivyoamini. Mara ya kwanza kuisoma kesi ya Holaria nilishangaa kwamba palihitajika jaji.

Mlinzi wa getini akaniuliza namtafuta nani.

"Naangalia tu, kaka. Kuna kesi ya mwaka 1990."

"Basi umechelewa sana, dada. Njoo kesho saa mbili."

MV Victoria iliondoka saa tatu usiku. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia tulipoiacha taa ya mwisho ya Mwanza, midomo ikacheza kidogo, akaivaa tena. Hakuna aliyemuuliza. MV Bukoba ilizama mwaka 1996 ikikaribia Mwanza, na watu wa rika lake kila mmoja ana jina la mtu wa kulitaja pale.

Kwa atakayepita njia hii: chukua blanketi au kitenge kizito hata kama mchana ulitoka jasho. Mimi nilikuwa na kanga moja. Mama aliyekuwa na watoto wawili na ndoo ya dagaa alinitazama nikitetemeka, akawasogeza watoto, akasema, "Ingia hapa, sote tunakwenda kulekule." Nililala nikinuka dagaa, na nililala vizuri.

Jumatatu, 11 Novemba: Kemondo hadi Muleba

Yule mama ndiye aliyeniokoa na kosa la pili. Alfajiri meli ilipotia gati Kemondo mimi nilikuwa nasubiri Bukoba. "Unakwenda Muleba halafu ufike Bukoba ukatafute nini?" Nikashuka mbio, kiatu kimoja mkononi. Shikeni hilo: wa Muleba hushukia Kemondo. Hiace ilikuwa nje, 4,000 na mzigo, na ilisubiri ijae hadi jua likatoka.

Barabara kuu ni lami, pande zote migomba na mibuni chini yake. Nyumba huzioni, unaona moshi tu ukitoka katikati ya kijani.

Kituo ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuna benchi la nje, kabati la chuma, meza moja yenye mguu uliofungwa waya. Wapo wasaidizi wa kisheria wanne, wote kwa kujitolea. Mradi uliokuwa ukiwapa posho uliisha, na sasa mmoja anafuga kuku, mwingine ana genge la nyanya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na msaada wao hautozwi. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kazi yao ni kusikiliza, kuelekeza, kusuluhisha, kuandika barua, na kutembea. Kutembea ndiko kunakokula viatu.

Shoga yangu alinitolea kaunta buku mbili, ya zamani na ya sasa, akaziweka kando kwa kando. Safu ni zilezile, zimepigwa rula: tarehe, kijiji, ke/me, shauri, hatua. Kwenye ya zamani safu ya shauri inasomeka: *amefukuzwa. Amepigwa. Shamba limeuzwa bila kujua. Amefukuzwa. Amekatwa panga mkono wa kulia.* Kurasa na kurasa za namna hiyo. Kwenye mpya hayo bado yapo, nisidanganye mtu. Lakini kati yake, kwa wino wa bluu, kuna neno ambalo kwenye buku la zamani nililitafuta bila kulipata: *Anauliza.* Anauliza kabla ya kuuza. Anauliza wosia unaandikwaje. Anauliza kama mume anaweza kukopea nyumba.

"Zamani walikuja na kidonda," akasema. "Siku hizi wengine wanakuja na swali."

Niliwahi kusoma ripoti za miradi zenye idadi ya waliofundishwa na vipeperushi vilivyogawiwa. Kwa neno hilo moja la wino wa bluu nilielewa zaidi.

Usiku nililala kwa shoga yangu. Ndizi na maharage, na kahawa ya kutafuna baada ya chakula. Sikuiweza kahawa.

Jumanne, 12 Novemba: kituoni

Siku ya kusikiliza mashauri. Saa mbili asubuhi benchi limejaa, wengine wamekaa kwenye matofali ya mwenye duka, naye hasemi kitu.

Nitasimulia shauri moja, kwa ruhusa yao. Mjane, mtoto mmoja wa kike, kibanja chenye migomba na kahawa. Shemeji yake anakitaka. Walikaa meza moja, kila mtu na soda yake. Shemeji alianza kwa upole kabisa: "Ardhi ya ukoo haihami na sketi."

Shoga yangu akafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, akasoma taratibu: mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Akaeleza na njia iliyobaki wakishindwana: baraza la kata, ambalo tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 wanaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Shemeji akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Waitu, na hiyo sheria inajua kaburi la baba yangu liko wapi?"

Kimya. Kwa Wahaya marehemu huzikwa kibanjani. Nilimtazama shoga yangu nikidhani atakisoma kile kifungu tena kwa sauti kubwa zaidi. Akakifunga kitabu. Akamuuliza ni nani anayefyeka makaburi hayo sasa. Shemeji akageuza chupa ya soda, akaigeuza tena. Yule mjane akajibu kwa niaba yake: "Mimi."

Ilichukua saa tatu. Mwishowe waliandikiana mistari sita: kibanja ni cha mjane na binti yake, kona ya makaburi, hatua kumi na mbili kwa tisa, haiuzwi bila ukoo kujua, shemeji ataingia kuzuru bila kubisha hodi. Dole gumba, dole gumba, mashahidi wawili, muhuri. Kurudufu kurasa tatu kwenye duka la jirani, shilingi 600, alilipa shemeji mwenyewe.

Nilikasirika, nakiri. Tulipotoka nikamwambia, kwa nini mwanamke ajifunge kwa hata hatua moja ya ardhi yake, na Holaria alishashinda tangu mwaka 1990?

"Holaria alishinda Mwanza," akasema. "Huyu anataka kulala Muleba."

Sijakubaliana naye mpaka leo. Ila sijapata jibu.

Jumatano, 13 Novemba: Kashasha

Nilitaka kufika Kashasha, shauri lilikoanzia. Bodaboda kwenda na kurudi, 20,000 baada ya kupatana. Alianza na 35,000. Lami ikaisha, mvua ikaanza, na tairi la nyuma likapasuka mahali ambapo hapakuwa na kitu ila migomba. Kijana akatoka shambani na pampu ya baiskeli na kipande cha mpira wa ndani, akaziba, akajaza upepo, akakataa elfu mbili yangu. "Mgeni hatozwi upepo."

Ushauri: viatu vya plastiki vya 5,000 sokoni Muleba vinashinda buti lolote la Dar. Na mfuko wa nailoni kwa simu.

Sikukuta pa kupiga picha ya maana. Wazee wawili niliowauliza kuhusu kesi hawakuikumbuka. Walichokikumbuka, wakaanza kucheka kabla hawajamaliza kukisema, ni ugonjwa wa kucheka. Nilidhani wananitania, lakini ni jambo lililoandikwa na madaktari: Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana Kashasha, wanafunzi wakaanza kucheka bila kujizuia, wakaambukizana, wanafunzi 95 kati ya 159, hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Kwa hiyo Kashasha ina hadithi mbili zilizozunguka dunia, na wenyewe wameiweka moja. Siwalaumu. Ya kucheka inasimulika vizuri zaidi baada ya chakula.

Wakati wa kurudi tulipitia mgogoro wa mpaka, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nisingelisoma popote. Mipaka ya vibanja huko huoteshwa mmea mrefu wenye majani kama panga, wanauita mulamula. Msaidizi wa kisheria aliyekuwa akitusubiri, mama wa makamo aliyepandisha gauni magotini, aliinama kwenye matope akapapasa ardhi kwa vidole kama anayetafuta sindano. Akavuta majani makavu. Chini yake kulikuwa na visiki vitatu vya mulamula, vimekatwa mshazari, utomvu umekauka juu yake. Hatua nne mbele ilisimama mingine mitatu, michanga, udongo wake bado mlaini. Mpaka ulikuwa umehama usiku kwa miguu ya mtu.

"Jina lenyewe linatokana na kuamua," akaniambia huku akipangusa vidole. "Mmea ndio hakimu. Ndiyo maana wakitaka kudhulumu wanaanza nao."

Aliyedhulumiwa hakuwa mjane. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, na waliousogeza mpaka ni wanawe wa kiume, wanaotaka auze kahawa ikiwa bado mtini. Nilipomsalimia shikamoo alinishika mkono asiuachie. Alifika kituoni mara ya kwanza kwa aibu, baada ya kusikia kijijini kwamba "pale ni pa wanawake". Akaingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye kaunta buku nimeuona mstari wake: *me*, na mbele yake, *anauliza kama baba naye ana haki.*

Alhamisi, 14 Novemba: shule, na senene

Kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo tukaenda shule ya msingi. Klabu ya haki inakaa chini ya mfenesi, watoto kama thelathini. Nilitarajia nyimbo na ngonjera, na zilikuwepo, ndefu. Halafu ukaja wakati wa maswali. Msichana wa darasa la sita akasimama, mikono nyuma: "Kama baba hakulipa mahari, na mama amekaa miaka tisa, nyumba ni ya nani?"

Mwalimu wa zamu akagundua ghafla kwamba simu yake ina ujumbe.

Shoga yangu alimjibu kama anavyomjibu mtu mzima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, akasema, inawadhania kuwa ni mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua hivyo. Kudhania kunaweza kupingwa, lakini mahakama itamsikiliza mama, na kazi yake ya nyumbani nayo huhesabiwa; Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed. Msichana akaketi, akaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu. Sijui alikwenda kukisoma wapi. Nadhani najua.

Ubaya nao niuseme. Mama mmoja tuliyepita kwake jioni alishinda shamba lake miaka minne iliyopita, karatasi anayo, imo ndani ya nailoni juu ya kenchi. Tangu hapo kaka zake hawamsalimii. Alipofiwa na mjukuu walikuja wageni tu. "Haki ninayo," akasema, akimimina chai, "nimekosa watu." Kituo hakina safu ya kuandika hilo.

Ulikuwa msimu wa senene. Usiku Muleba nzima inawaka: taa kali, mabati yaliyosimamishwa wima, mapipa chini, na panzi wa kijani wakimiminika kama mvua ya pili. Kikombe cha waliokaangwa kilikuwa 2,000. Mama mwenye nyumba wa shoga yangu, bibi wa miaka themanini hivi, alikula sahani nzima huku ananitazama. Zamani, akaniambia, wanawake walitumwa kuwakamata na kuwachambua, lakini kuwala ilikuwa mwiko. Walikuwa wa wanaume. Nikamuuliza mwiko ulivunjwa na nani, nikidhani atataja semina fulani ya kituo.

"Njaa ya jikoni," akasema. "Nani alikuwa ananiona?"

Wana ladha ya karanga na kitu kingine kati ya dagaa na siagi. Nilirudia mara mbili.

Ijumaa, 15 Novemba: kurudi

Basi la Muleba kwenda Mwanza kwa barabara, elfu ishirini na kitu, lilichelewa saa mbili. Kondakta alisema liko "hapo kwenye kona" kwa muda wote huo. Bwanga, Geita, Sengerema: nilisinzia.

Busisi tulisubiri kivuko kwenye foleni ndefu, huku tukilitazama daraja la Kigongo likimaliziwa juu ya vichwa vyetu. Lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege, kwa hiyo ninyi mtapita kwa dakika chache na mtakosa mahindi ya kuchoma ya pale. Mahindi 500.

Nikiwa ndani ya kivuko nilifungua daftari, nikaanza kujumlisha gharama, nikaacha. Lile neno la wino wa bluu lilikuwa halijanitoka. Nikampigia mama yangu Morogoro. Tukasalimiana, nikamwambia nimekula panzi, akacheka. Kisha nikamuuliza: lile shamba la bibi kule Mgeta, karatasi yake anayo nani?

Alinyamaza hata nikadhani mtandao umekata.

"Karatasi gani?" akasema. "Muulize mjomba wako."